Thayosalfeti, marumaru, magnesiamu au peroksaidi: jaribio lipi lifundishe kasi ya mimenyuko?

Mwalimu wa kemia akifika kwenye mada ya kasi ya mimenyuko, visababishi vyenyewe havimpi shida. Mmenyuko huenda kasi zaidi ukolezi (wingi wa kemikali katika myeyusho) ukipanda, halijoto ikipanda, yabisi ikisagwa, kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha) kikiwekwa na, kwa gesi, kanieneo ikiongezeka. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo kwa jioni moja. Kinachomshinda ni kueleza kwa nini, na hapo ndipo uchaguzi wa jaribio unapokuwa na uzito. Kila jaribio huonyesha vizuri kisababishi kimoja au viwili na kuvificha vilivyobaki.

Majaribio manne ndiyo yanayotumika zaidi katika shule zetu za sekondari: sodiamu thayosalfeti na tindikali, marumaru na tindikali, magnesiamu na tindikali, na kuvunjika kwa haidrojeni peroksaidi. Hapa nayaweka bega kwa bega, nikimfikiria mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60, mizani moja ambayo haipo karibu kila siku, na fedha kidogo ya kemikali. Msimamo wangu nausema mapema. Ukiweza kununua kitendanishi kimoja tu, nunua thayosalfeti. Ukipata nafasi ya cha pili, kiwe haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Marumaru unaweza kuibadilisha na maganda ya mayai bila hasara kubwa. Magnesiamu ningeinunua mwisho.

| Jaribio | Kinachopimwa | Kinachoonekana vizuri | Kinachosumbua |
|---|---|---|---|
| Thayosalfeti na tindikali | Muda wa alama kupotea | Ukolezi, halijoto | Gesi inayokera kifua. Hakuna somo la eneo la uso |
| Marumaru na tindikali | Gesi au uzito unaopungua | Eneo la uso | Inahitaji mizani au sirinji ya gesi |
| Magnesiamu na tindikali | Muda wa utepe kuisha, au gesi | Ukolezi wa tindikali | Bei, joto la mmenyuko wenyewe, gesi inayolipuka |
| Peroksaidi na kichocheo | Gesi au kimo cha povu | Kichocheo, kwa kiasi fulani ukolezi | Halijoto huchanganya ukitumia hamira au kiazi |

Thayosalfeti

Sodiamu thayosalfeti ikikutana na tindikali ya haidrokloriki hutoa chumvi, maji, gesi ya salfa dayoksaidi na salfa yenyewe, ambayo hubaki ndani ya maji kama unga laini wenye weupe wa manjano. Myeyusho huanza ukiwa mwangavu, ukaingia ukungu, mwisho hauonyeshi kitu upande wa pili. Chini ya chombo unaweka karatasi yenye alama ya X, unaangalia kutoka juu, na unapima muda hadi X ipotee. Saa yoyote yenye mshale wa sekunde inatosha.

Utaratibu unaozoeleka ni wa miyeyusho mitano: mililita 50, 40, 30, 20 na 10 za thayosalfeti, kila mmoja ukijazwa maji hadi ufike mililita 50, ndipo zinaongezwa mililita 5 za tindikali ya moli 2 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa chembe). Wanafunzi wengi huyaona maji hayo kama pambo. Yana kazi mbili. Yanafanya kina cha myeyusho kiwe kilekile, ili jicho lipite kwenye unene uleule wa ukungu kila mara, na yanafanya ukolezi wa tindikali usibadilike, ili kisababishi kinachobadilika kiwe kimoja tu. Mwulize mwanafunzi maji yanafanya nini. Akijibu hayo mawili, amekwisha kuelewa jaribio la haki ni nini.

Hesabu ya gharama ni rahisi. Kundi moja linatumia mililita 150 za thayosalfeti kwa miyeyusho yote mitano. Makundi 12 ya wanafunzi watanowatano yanahitaji lita 1.8. Kwa kuwa moli moja ya fuwele zake zenye maji ina uzito wa gramu 248, myeyusho wa moli 0.1 kwa lita unahitaji takriban gramu 45 kwa darasa zima. Ukigawa vipimo vyote kwa kumi, yaani mililita 5 badala ya 50, ukatumia chupa ndogo za dawa zinazopitisha mwanga na sirinji za duka la dawa, gramu 45 zinakuwa chini ya gramu 5. Sharti ni kwamba chupa zote ziwe za aina moja, maana kina kikibadilika muda nao hubadilika, na matokeo ya kundi hili hayalinganishwi tena na ya lile.

Nguvu kubwa ya jaribio hili, na sababu ya mimi kuliweka mbele, ni jambo moja lisilopatikana kwa urahisi kwenye mengine. Punguza ukolezi wa thayosalfeti hadi nusu: muda unakuwa karibu mara mbili. Rudi kwenye ukolezi kamili, kisha ongeza halijoto kwa nyuzi 10: muda unashuka hadi karibu nusu. Mabadiliko mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, na sababu zake zinatofautiana kabisa. Ukolezi ukiwa maradufu, chembe za thayosalfeti katika kila mililita ni maradufu, kwa hiyo migongano nayo ni maradufu. Nyuzi 10 hazifanyi hivyo. Kutoka nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi ni kutoka 293 hadi 303 kwa kipimo cha Kelvini, na kwa hesabu ya gesi idadi ya migongano hupanda kwa chini ya asilimia 2. Asilimia 2 haiwezi kuzaa kasi maradufu. Kilichobadilika ni sehemu ya migongano yenye nishati ya kutosha kuvunja vifungo vya zamani. Sehemu hiyo ni ndogo, lakini ndiyo inayokua upesi halijoto ikipanda. Svante Arrhenius, mwanakemia wa Uswidi, aliuweka uhusiano huo katika mlinganyo mwaka 1889, na wanafunzi wa kidato cha sita bado wanautumia kutafuta nishati ya uamilishaji, yaani nishati ya chini kabisa ambayo mgongano unahitaji ili mmenyuko utokee, kutokana na jaribio hilihili la X.

Ninasisitiza hilo kwa sababu jibu linalorudiwa na wanafunzi ni moja kwa kila swali: "chembe hugongana zaidi." Kwa ukolezi jibu hilo linatosha. Kwa halijoto limeacha sehemu kubwa ya sababu, na kwa kichocheo halina msaada wowote. Darasa lililopima ukolezi na halijoto kwenye chombo kilekile lina namba za kujadili tofauti hiyo, na mjadala huo una thamani kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya kunakili.

Kanuni ya "nyuzi 10, kasi maradufu" ni makadirio tu. Inashikilia vizuri kwa mimenyuko ambayo nishati yake ya uamilishaji iko karibu na kilojuli 50 kwa moli kwenye halijoto ya kawaida. Hata hivyo inasaidia kuelewa jambo linalowapa walimu mashaka bure: muda ulioandikwa na shule moja hauwezi kufanana na wa shule nyingine. Maabara ya Dar es Salaam mwezi Januari inaweza kuwa na nyuzi 30. Maabara ya Njombe asubuhi ya Julai inaweza kuwa na nyuzi 15 au chini. Kwa kanuni hiyo, mmenyuko uleule utachukua karibu mara tatu ya muda kule Njombe. Hakuna aliyekosea. Andika halijoto ya chumba juu ya jedwali kila mara, na usiwaruhusu wanafunzi "kurekebisha" namba zao zifanane na za kitabu.

Kuna mambo ya kuchunga. Salfa dayoksaidi hukera koo na kifua, na mwanafunzi mwenye pumu anaweza kubanwa. Fungua madirisha, usipashe thayosalfeti zaidi ya nyuzi 50, pasha kwa kuitumbukiza kwenye maji ya moto na usiiweke juu ya mwali, na tindikali iingie mwisho. Weka ndoo yenye maji ya magadi pembeni. X ikipotea, chombo kinamwagwa humo mara moja, magadi yanaizima tindikali, na gesi inakoma kutoka. Myeyusho wa thayosalfeti uliokaa wiki kadhaa huanza kuchafuka wenyewe, kwa hiyo uandae siku ya somo au siku moja kabla. Jicho nalo ni kipimo chenye tabia yake. Anayeamua kwamba X imepotea awe mtu mmoja kwa miyeyusho yote mitano, maana wawili hawaoni ukungu sawasawa.

Wanafunzi wafundishwe pia kuchora moja chini ya muda (yaani 1 kugawanywa kwa muda) dhidi ya ukolezi, badala ya muda dhidi ya ukolezi. Muda mrefu maana yake ni kasi ndogo, na wengi husoma mkunjo wa muda kinyume. Moja chini ya muda hutoa mstari unaokaribia kunyooka na kuelekea kwenye sifuri, na mstari huo unasema wenyewe kwamba kasi inafuata ukolezi wa thayosalfeti kwa uwiano.

Marumaru, au maganda ya mayai

Thayosalfeti na tindikali zote ni miyeyusho, kwa hiyo jaribio la X halina la kusema kuhusu eneo la uso. Hapo marumaru inashinda bila ushindani. Kalsiamu kaboneti hukutana na tindikali usoni mwake tu; kilichoko ndani ya kipande kinasubiri zamu. Chukua mchemraba wa sentimita moja: nyuso zake sita zina sentimita 6 za mraba. Ukate kuwa michemraba ya milimita moja, unapata vipande 1,000 vyenye jumla ya sentimita 60 za mraba. Uzito ni uleule, eneo limeongezeka mara kumi. Hesabu hiyo ifanywe ubaoni kabla ya kugusa tindikali, na wanafunzi watabiri kitakachotokea.

Kipimo ndicho kigumu. Njia ya kitabuni ni kuweka chombo juu ya mizani na kuandika uzito unavyopungua kaboni dayoksaidi inavyotoka. Mizani ya gramu nzima haifai, kwa sababu mabadiliko ni ya sehemu ndogo za gramu. Njia ya pili ni kukusanya gesi kwenye sirinji kubwa au kwenye silinda ya kupimia iliyopinduliwa ndani ya maji. Kwa njia hiyo gramu 0.2 za kalsiamu kaboneti, yaani moli 0.002, hutoa takriban mililita 48 za gesi kwenye halijoto ya chumba, kiasi kinachotosha sirinji ya mililita 60. Mililita 20 za tindikali ya moli 0.5 kwa lita zinabaki na ziada ya kutosha. Unga na vipande vinapaswa kuishia kwenye ujazo mmoja, kwa sababu uzito ni mmoja. Kinachotofautiana ni mwinuko wa mkunjo mwanzoni. Ukikusanya juu ya maji utakosa kidogo, maana kaboni dayoksaidi huyeyuka kiasi majini, na hilo wanafunzi waambiwe kabla hawajaanza kujilaumu.

Shule isiyo na marumaru inayo mayai mtaani. Ganda la yai kwa sehemu kubwa kabisa ni kalsiamu kaboneti. Yachemshe maganda, uvue utando wa ndani, uyakaushe. Nusu yabaki vipande, nusu isagwe kwenye kinu. Pwani kuna makombe yaliyotupwa na bahari, ambayo ni kalsiamu kaboneti vilevile. Usivunje matumbawe hai kwa ajili ya somo. Siki ya dukani inaweza kuchukua nafasi ya tindikali, na kwa maganda yaliyosagwa naipenda zaidi, kwa sababu tindikali yenye nguvu huumaliza unga kabla mwanafunzi hajafunga kizibo, na gesi ya mwanzo inapotea hewani. Siki ni tindikali dhaifu, inampa mtu nafasi ya kusoma sirinji.

Onyo moja ni muhimu zaidi ya mengine katika mazingira yetu. Maji ya betri yanapatikana kila gereji, na kishawishi cha kuyatumia kama tindikali ni kikubwa. Hiyo ni tindikali ya salfuriki. Ikimwagwa juu ya marumaru mapovu hutoka kwa muda mfupi, kisha hufifia wakati mawe bado yapo, kwa sababu kalsiamu salfeti inayotengenezwa haiyeyuki vizuri na hulifunika jiwe. Mwanafunzi ataandika kwamba mmenyuko umekwisha, ilhali umezibwa tu. Isitoshe, maji hayo ni makali mno kwa mikono na macho ya watoto. Tindikali ya kusafishia vigae mara nyingi ni ya haidrokloriki na inafanya kazi, lakini ukolezi wake hauaminiki bila kuupima, na isikaribiane kabisa na jiki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Je, marumaru inafaa kwa ukolezi na halijoto? Inaweza, lakini kwa taabu. Vipande havilingani, uso wake hupungua kadiri mmenyuko unavyoendelea, na matokeo ya kundi moja hayarudiki vizuri. Iache ifanye kazi inayoijua.

Peroksaidi

Haidrojeni peroksaidi huvunjika kuwa maji na oksijeni, polepole kiasi kwamba chupa iliyofungwa na kuwekwa gizani hukaa miezi mingi. Louis Jacques Thénard, Mfaransa aliyeitengeneza mara ya kwanza mwaka 1818, aliona mapema kwamba baadhi ya metali na oksaidi huivunja kwa nguvu bila zenyewe kubadilika. Hilo ndilo somo la kichocheo, na sijaona jaribio jingine la shule linalolifundisha wazi namna hii. Mimina kwenye silinda mbili kiasi kilekile, tia ncha ya kijiko ya hamira kwenye moja tu. Moja inabaki kama maji. Nyingine inapanda povu, na kijiti chenye kaa kikishikwa juu yake huwaka tena.

Uzuri wake wa pili uko kwenye lebo. Peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa huitwa pia ya "ujazo 10", maana yake kila mililita moja ina uwezo wa kutoa mililita 10 za oksijeni. Ya asilimia 6 ni ya ujazo 20. Basi mililita 5 za ujazo 10 zinaweza kutoa mililita 50, hata ukiweka hamira kidogo au nyingi. Mwanafunzi apime mwenyewe: hamira zaidi, gesi inafika upesi zaidi, lakini kikomo kinabaki mililita 50 au karibu yake. Kosa lililozoeleka, kwamba kichocheo huongeza mazao, linakufa hapo mezani. Kosa la pili, kwamba kichocheo huongeza migongano, linahitaji maneno ya mwalimu. Bila kichocheo, kizingiti cha nishati cha mmenyuko huu, yaani nishati yake ya uamilishaji, ni takriban kilojuli 75 kwa moli, na migongano michache sana inakivuka kwenye halijoto ya chumba. Kichocheo hufungua njia nyingine yenye kizingiti cha chini. Migongano ni ileile, ila sasa sehemu kubwa zaidi inapita.

Kichocheo kipi? Manganizi dayoksaidi ndicho cha kitabuni, na kinaweza kuchujwa, kukaushwa na kupimwa tena ili ionekane uzito haujapungua. Hamira na kiazi mviringo kibichi vina kimeng'enya cha katalasi, chenye kasi ya ajabu: molekuli moja yake inaweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde. Kiazi kina faida nyingine. Kipande kizima na kilekile kilichokatwakatwa hutoa povu kwa kasi tofauti, na kiazi kilichochemshwa hakifanyi kitu, kwa kuwa joto limeharibu kimeng'enya. Walimu wengine huchukua unga mweusi wa betri kuukuu za redio, ambao una manganizi dayoksaidi. Mimi naona hamira ni salama zaidi na haichafui meza. Anayefuata njia ya betri ajue kwamba betri za alkali na za simu hazifunguliwi kamwe.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye halijoto. Kwa hamira au kiazi, kasi hupanda hadi joto fulani kisha huporomoka, maana kimeng'enya kinaharibika. Kwa mwalimu wa baiolojia hilo ni somo zuri sana. Kwa mwanafunzi wa kemia anayejifunza kwa mara ya kwanza kwamba joto huongeza kasi, linamvuruga. Povu nalo hufanya usomaji wa sirinji uwe mgumu, na mmenyuko wenyewe hutoa joto, hasa ukolezi ukiwa mkubwa. Tumia ya asilimia 3, punguza kwa maji ukitaka kulinganisha ukolezi, na usinunue ile ya krimu ya saluni, ambayo ina vitu vingine na mara nyingi ni kali zaidi. Hata ya asilimia 6 huibabua ngozi ikawa nyeupe na kuwasha.

Magnesiamu

Utepe wa sentimita moja au mbili ukitumbukizwa kwenye tindikali huchemka na kutoweka, na wanafunzi hulipenda jaribio hili kwa sababu mwanzo na mwisho wake vinaonekana bila ubishi. Kwa kulinganisha ukolezi wa tindikali linafaa. Lakini utepe ni ghali, lazima usuguliwe kwa msasa kuondoa tabaka la oksaidi, la sivyo mmenyuko huchelewa kuanza na muda unadanganya. Mmenyuko hutoa joto jingi, hivyo kwenye tindikali kali halijoto inapanda yenyewe wakati unadhani unabadilisha ukolezi peke yake. Haidrojeni inayotoka huwaka kwa mlipuko ikikutana na mwali. Kila linachofanya magnesiamu, thayosalfeti inakifanya kwa bei ndogo na kwa namba zinazorudiwa vizuri zaidi. Kama utepe upo kabatini tayari, utumie. Kuununua kwa ajili ya mada hii peke yake siwezi kumshauri mtu.

Uchague lipi, kwa hali yako

Kama wanafunzi wanaelekea kwenye mtihani wa vitendo, thayosalfeti haikwepeki. Swali lake limekuwa likitokea kwa miaka mingi katika mitihani ya Tanzania na ya Kenya, na anayeuona ukungu wa salfa kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani amechelewa. Fanya siku ya kwanza ukolezi, siku ya pili halijoto, kwa vyombo vilevile.

Kama hakuna maabara kabisa, anza na maganda ya mayai na siki kwa eneo la uso, kisha peroksaidi na hamira kwa kichocheo. Hivyo viwili havihitaji mizani ukitumia kimo cha povu kwenye chupa nyembamba zinazofanana, ukiweka tone la sabuni ya maji ili povu lishikane. Kwa halijoto, vidonge vya vitamini C vinavyochemka majini vinatosha: kimoja kwenye maji baridi, kingine kwenye maji ya moto, muda wa kila kimoja uandikwe. Kidonge kizima na kilichosagwa kwenye maji ya halijoto moja kitarudia somo la eneo la uso. Hapo umepata visababishi vitatu kwa vitu vya duka la dawa na duka la rejareja.

Kama mwanafunzi mwenye pumu yumo darasani, au chumba hakina hewa ya kutosha, kuna mbadala wa X usiotoa gesi yoyote: tincha ya ayodini, vitamini C, peroksaidi na maji ya wanga. Chombo cha kwanza kina maji ya vitamini C yaliyotiwa ayodini hadi rangi ya kahawia itoweke. Cha pili kina peroksaidi na maji yaliyochemshwa na wanga kidogo wa mahindi kisha yakapozwa. Ukivichanganya, hakuna kinachoonekana kwa muda, halafu chombo kizima kinageuka bluu nyeusi kwa mkupuo. Peroksaidi inarudisha ayodini, vitamini C inaizima, na vitamini C ikiisha, ayodini inashika wanga. Muda wa kusubiri hupungua ukipasha miyeyusho au ukiongeza peroksaidi, kwa hiyo ukolezi na halijoto vyote vinapimika, na mwisho wake ni mkali kuliko wa X, hauna "karibu inapotea". Shida yake ni kwamba kemia iliyo ndani ina hatua nyingi, na mwanafunzi wa kidato cha tatu hataweza kueleza kilichotokea kwa mlinganyo mmoja. Ningelitumia kwa namba na kuacha maelezo ya hatua kwa wakubwa wake.

Kanieneo haina jaribio la shule ninaloweza kulipendekeza. Ifundishwe kwa mfano wa viwanda vya amonia, ambako naitrojeni na haidrojeni hubanwa kwa kanieneo ya takriban mara 200 ya ile ya hewa, kwenye nyuzi 450 au karibu, mbele ya kichocheo cha chuma. Visababishi vitatu viko pamoja kwenye mtambo mmoja. Mwombe mwanafunzi aliyekwisha kufanya thayosalfeti na peroksaidi aeleze kila kimoja kinaongeza idadi ya migongano au kinaongeza sehemu inayofaulu. Kanieneo ni la kwanza. Joto, kwa kiasi kikubwa, na kichocheo ni la pili. Akikwama kwenye joto, mrudishe kwenye jedwali lake la X, kwenye mistari ya halijoto.